Saa 720 za Mwezi: Somo kwa Wanaomtunza Mtoto Aliye Katika Matibabu ya Afya ya Akili



Mwezi wa siku 30 una saa 720. Mtoto anayetibiwa ugonjwa wa akili akihudhuria kliniki mara moja kwa mwezi, huenda akakaa mbele ya daktari au muuguzi kwa nusu saa, wakati mwingine chini ya hapo. Saa zote zinazobaki yuko na mtu mwingine: nyanya, mama, baba, shangazi, ndugu mkubwa, matroni wa bweni, mlezi wa makao ya watoto, au mhudumu wa wodi ikiwa amelazwa. Somo la toleo hili ni la mtu huyo.

Wengi wetu hufikiri kwamba tiba iko hospitalini, na nyumbani ni mahali pa kungojea tarehe ya kliniki. Sivyo. Dawa hupunguza ukali wa ugonjwa. Lakini anayehakikisha kwamba mtoto amelala, amekula, amemeza dawa, hakupigwa wala kuchekwa, na amerudi kliniki siku aliyoambiwa, ni mlezi. Hiyo ni kazi yenye ujuzi wake, na ujuzi huo mtu yeyote mwenye subira anaweza kujifunza.

Ukimaliza somo hili unatarajiwa uweze:

• kupanga siku ya mtoto aliye katika matibabu;
• kusimamia dawa zake na kutambua madhara yake;
• kumtuliza anapochafukwa bila kumpiga wala kumfunga;
• kuweka daftari litakalomsaidia daktari;
• kujua dalili za kumkimbiza hospitali, na mahali pa kwenda.

SEHEMU YA 1: TUMJUE MTOTO HUYU

Ugonjwa wa akili kwa watoto si jambo la nadra. Utafiti wa kitaifa kuhusu vijana wa Kenya wa miaka 10 hadi 17, ambao ripoti yake ilitolewa mwaka wa 2022, ulionyesha kwamba takriban 44 kati ya kila 100 walikuwa wamepitia tatizo la afya ya akili katika miezi 12 iliyotangulia. Takriban 12 kati ya 100 walikuwa na hali iliyofikia kiwango cha ugonjwa. Katika darasa la wanafunzi 50, hao wa mwisho ni kama watoto 6.

Hali zenyewe hazifanani. Kuna mtoto mwenye wasiwasi mwingi hadi tumbo linamuuma kila asubuhi ya shule. Kuna mwenye huzuni isiyoondoka, aliyeacha kucheza na kula. Kuna aliyeshtuliwa na ajali, kifo, dhuluma, au usiku ambao ndovu walivunja nyumba yao. Kuna mwenye usonji, na kuna asiyeweza kutulia wala kumakinika. Kuna kijana anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, na pengine matumizi ya bangi au muguka yalimzidishia tatizo. Kifafa chenyewe ni ugonjwa wa ubongo, si wa akili, lakini watoto wengi wenye kifafa hutibiwa katika kliniki hiyo hiyo na hudharauliwa kwa namna hiyo hiyo.

Ili somo lieleweke, tumchukue mvulana wa miaka 14 anayeishi Wusi na nyanya yake na shangazi yake. Si mtoto fulani. Tumemtunga kutokana na mambo ambayo wahudumu wa afya huyakuta mara kwa mara. Mama yake anafanya kazi Mombasa na hutuma pesa anapopata. Muhula uliopita mvulana huyu aliacha kulala, akaanza kusema kwamba watu wa barabarani wanamsengenya, kisha akakataa chakula akidai kimetiwa sumu. Majirani walisema amerogwa. Alilazwa kwa wiki kadhaa, akatulia, akaruhusiwa kurudi nyumbani na dawa mbili na kadi ya kliniki. Nyanya aliambiwa, "Mrudishe baada ya wiki nne." Alipoteremka kwenye matatu pale Mwatate akiwa na mjukuu wake na mfuko wa dawa, kazi yake ndiyo kwanza ilikuwa inaanza.

SEHEMU YA 2: SIKU ILIYOPANGWA

Akili iliyochafuka hutulizwa na mambo yanayojirudia. Mtoto anayejua kitakachofuata huogopa kidogo. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha mlezi ni ratiba, na haihitaji pesa.

Kulala na kuamka. Usingizi ndio wa kwanza. Alale na kuamka saa zile zile kila siku, hata Jumamosi. Ukiona amekesha usiku mmoja, andika. Akikesha usiku wa pili, mjulishe mhudumu wa afya. Magonjwa mengi ya akili hutangaza kurudi kwake kwa kukosa usingizi kabla ya dalili nyingine yoyote.

Kula. Mtoto ale na wenzake, chakula kile kile cha nyumbani: ugali na mboga, maharagwe, kimanga, matunda ya msimu. Asitengewe sahani na kikombe kana kwamba ugonjwa wake unaambukiza. Akishuku kwamba chakula kina kitu, usigombane naye. Pakua mbele yake kutoka sufuria moja na wewe uanze kula.

Kazi ndogo. Mpe kazi anayoiweza na kuimaliza: kuteka maji, kulisha kuku, kuchambua maharagwe, kukusanya kuni karibu na nyumba. Kazi humrudishia heshima yake. Usimpe kazi ya siku nzima eti "azoee," wala usimkalishe tu eti "ni mgonjwa."

Kucheza na kutembea. Mtoto ni mtoto. Mpira, bao, kuchora na kuimba ni sehemu ya tiba. Katika wodi zinazohudumia watoto vizuri, michezo huwekwa kwenye ratiba sawa na dawa.

Mtu mmoja wa kutegemewa. Akiwa na walezi wawili, wakubaliane. Nyanya akikataza na shangazi akiruhusu, mtoto huchanganyikiwa. Wanaopokezana zamu, iwe hospitalini, bwenini au nyumbani, waambiane kabla ya kuachana: amelalaje, amekula nini, dawa amemeza saa ngapi, nini kimemuudhi leo.

Na ukimwahidi jambo, litimize. Usimwambie "mama atakuja kesho" ili anyamaze, ilhali unajua hatakuja. Mtoto huyu tayari ana shida ya kuamini anachokiona na kukisikia, na uongo mdogo wa mlezi humzidishia shida hiyo.

SEHEMU YA 3: DAWA

Hapa ndipo matibabu mengi huharibikia.

Kabla ya kuondoka kliniki, uliza maswali matano: Dawa hii inaitwaje? Ni ya nini? Inamezwa saa ngapi na kiasi gani? Inaweza kuleta madhara gani? Nifanye nini akikosa kumeza? Usione haya kuuliza mara mbili. Mwombe muuguzi aandike.

Nyumbani, dawa zikae mahali palipofungwa, mbali na watoto wadogo na mbali na mgonjwa mwenyewe. Mlezi ndiye atoe kila dozi na kumwona akimeza. Saa ya dawa iambatane na jambo la kila siku, kama uji wa asubuhi au chakula cha jioni, ili isisahaulike.

Jua kwamba dawa nyingine huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu kamili. Jua pia madhara yanayojulikana. Baadhi ya dawa za kutuliza akili huleta usingizi mwingi, njaa na kuongezeka uzito, au mikono kutetemeka. Nyingine zinaweza kukaza shingo, taya au ulimi, au kuvuta macho juu. Hali hiyo ya kukaza hutisha, na watu huidhani ni pepo. Ni madhara ya dawa, na yana tiba yake. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Baadhi ya dawa za kifafa zinaweza kuleta vipele. Vikitokea, nenda kituoni siku hiyo hiyo.

Na usikatize dawa kwa sababu mtoto amepata nafuu. Amepata nafuu kwa sababu anameza. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla zinaweza kuleta mitukutiko mfululizo inayohatarisha maisha.

Turudi Wusi. Katika wiki ya tatu, nyanya akitandua kitanda alikuta vidonge saba chini ya godoro. Kila asubuhi mvulana alikuwa akivificha chini ya ulimi na kuvitema. Nyanya alikasirika, ni nani asingekasirika baada ya nauli yote ile? Lakini alikaa kwanza, akatulia, ndipo akamwita.

"Mjukuu wangu, nimeviona vidonge. Sikugombezi. Niambie, dawa hii inakufanya nini?"

Mvulana alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Nyanya, nikimeza asubuhi nasinzia darasani. Wananicheka. Mwalimu alinisimamisha mbele ya wote."

Kumbe hakuwa mkaidi. Alikuwa anakimbia aibu. Kama nyanya angechukua fimbo, asingelipata jibu hilo, na vidonge vingeendelea kutemwa mahali pengine. Kesho yake shangazi alikwenda naye zahanati, wakaelekezwa kliniki bila kungoja tarehe. Daktari alihamisha dozi ya asubuhi ikawa ya usiku. Kidonge kilichofichwa kina habari ndani yake, na kazi ya mlezi ni kuitafuta. Ila kubadilisha saa au kiasi cha dawa ni kazi ya mhudumu wa afya. Usijiamulie.

Familia nyingi huanza kwa mganga au kwa maombi. Huko Kilifi, ambako kifafa kimechunguzwa kwa miaka mingi, watafiti walikuta zaidi ya nusu ya watu wenye ugonjwa huo hawakuwa wakipata matibabu ya hospitali yanayofaa. Somo hili halimkatazi mtu kusali wala kushauriana na wazee wake. Linaomba jambo moja: dawa isikatizwe, na mtoto asinyimwe chakula, asichanjwe, asipigwe wala kufungiwa kwa jina la uponyaji.

SEHEMU YA 4: ANAPOCHAFUKWA

Kuna jioni mtoto atapiga kelele, atarusha vitu au atakimbia. Mlezi aliyejiandaa hufanya haya:

1. Tulia wewe kwanza. Shusha sauti. Simama kando yake, si mbele yake kwa kumzibia njia. Mwachie nafasi ya hatua mbili au tatu.
2. Punguza watu na kelele. Waondoe watazamaji, zima redio, sogeza vyenye ncha kali.
3. Azungumze mtu mmoja tu, kwa maneno machache.
4. Taja anachohisi, usibishane na anachoamini.
5. Mpe chaguo mbili rahisi.
6. Ngoja. Hasira nyingi hushuka zenyewe zisipochochewa.

Tazama mfano. Jua linatua, ukungu unashuka, na mvulana wetu anasimama uani akipaza sauti kwamba watu wanamsema kutoka barabarani.

Jibu lisilofaa: "Nyamaza! Umeanza tena? Hakuna mtu huko, unatuaibisha!"

Hapo ameongezewa aibu juu ya hofu. Lakini jibu la "Ndiyo, hata mimi nawasikia, ngoja niwafukuze" nalo halifai, kwa sababu linamthibitishia ugonjwa.

Jibu linalofaa ni hili la shangazi: "Nakuona umeogopa. Mimi sisikii sauti hizo, lakini najua wewe unazisikia. Niko nawe. Tukae hapa mlangoni, au twende jikoni kwa nyanya?"

Akichagua jikoni, mmekwisha kuvuka. Baadaye, akiwa ametulia kabisa, zungumzeni kwa upole: nini kilianza, nini kilimsaidia, tufanye nini siku nyingine. Usilete mazungumzo hayo akiwa bado anatetemeka.

Akianguka kwa kifafa: mlaze ubavu, mwekee kitu laini chini ya kichwa, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe maji. Mtukutiko ukizidi dakika tano, au ukirudi kabla hajapata fahamu, ni dharura ya hospitali.

SEHEMU YA 5: KUFUNGA, KUPIGA NA KUFICHA

Bado kuna nyumba ambamo mtoto hufungwa kamba kwenye nguzo au kufungiwa chumba cha nyuma wageni wakija. Mara nyingi anayefanya hivyo si mkatili. Ni mama aliyechoka, anayetaka kwenda shambani bila mtoto kupotea au kuumia barabarani. Tunamwelewa. Lakini kamba huacha jeraha mwilini na jingine ndani, na mtoto aliyefungwa hajifunzi kutulia. Hujifunza kumwogopa anayemtunza.

Sheria nayo imesema wazi. Kifungu cha 53 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinamlinda kila mtoto dhidi ya dhuluma, kutelekezwa, mila zenye madhara na adhabu za kikatili. Sheria ya Watoto ya 2022 imefafanua haki hizo. Sheria ya Afya ya Akili, iliyofanyiwa marekebisho mwaka huo huo wa 2022, inampa mgonjwa haki ya kutibiwa kwa heshima, kupewa habari kuhusu tiba yake, kushiriki katika kuipanga na kutunziwa siri, na imezipa serikali za kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi karibu na wananchi.

Badala ya kamba, omba msaada. Panga zamu na jirani mwaminifu au ndugu wa ukoo, hata kwa saa mbili. Mtoto anayependa kutanga, mvalishe kitu chenye jina na namba ya simu ya nyumbani. Mweleze mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako ili awe anapita.

Neno kwa wanaofanya kazi hii kwa mshahara, katika bweni, makao au wodi: mtoto mgonjwa ni rahisi kudhulumiwa kwa sababu watu hawamwamini akisema. Kumwogesha na kumvalisha kufanyike kwa staha na kwa utaratibu uliowekwa, si faraghani bila mwenzako kujua. Mtoto akisema ameguswa vibaya, msikilize, mwamini kiasi cha kuchukua hatua, na ripoti siku hiyo hiyo. Habari za mtoto nazo si za sokoni wala za kundi la WhatsApp. Usimpige picha akiwa amechafukwa.

SEHEMU YA 6: DAFTARI

Nunua daftari dogo la shule. Kila siku andika mistari michache: amelala saa ngapi, amekula, dawa amemeza. Siku yenye shida, andika mambo matatu: kilichotangulia, alichofanya, na nyinyi mlichofanya. Kwa mfano:

"Jumanne, saa mbili usiku. Mgeni alikuja, watu wakaongea kwa sauti. Alijifungia chumbani, akalia. Tulimwacha kwa nusu saa, kisha nyanya akampelekea uji. Alitoka saa tatu."

Andika ulichokiona, si hukumu. "Alirusha kikombe baada ya kaka kumnyang'anya mpira" inamsaidia daktari. "Alikuwa mtundu" haimsaidii. Baada ya mwezi mmoja daftari huanza kuonyesha mambo: kwamba shida huja siku asizolala, au siku za wageni, au baada ya kutoka shule. Kwa nusu saa ya kliniki, kurasa hizo ndizo zitakazomweleza daktari zile saa 700 na zaidi ambazo hakuwepo.

Asiyejua kuandika amwombe mjukuu mkubwa amwandikie, au aweke alama: duara kwa usiku aliolala, msalaba kwa usiku aliokesha. Hiyo yatosha.

SEHEMU YA 7: DALILI ZA KWENDA HOSPITALI SASA HIVI

Usingoje tarehe ya kliniki ukiona haya:

• Homa pamoja na kuchanganyikiwa ghafla. Katika sehemu za kaunti yetu zenye mbu, hii inaweza kuwa malaria iliyopanda kichwani, au homa ya uti wa mgongo. Usiseme tu "ni ule ugonjwa wake." Apimwe.
• Mtukutiko wa zaidi ya dakika tano.
• Shingo au taya kukaza, au mwili kukakamaa pamoja na joto kali.
• Kukataa kula na kunywa kabisa.
• Kuanza tena kukesha, kusikia sauti au kushuku kila mtu.
• Kusema anataka kufa, kuaga watu au kugawa vitu vyake, au kujiumiza.

Kuhusu hilo la mwisho, wengi huogopa kuuliza wakidhani watamtia mtoto wazo. Kumuuliza hakumtii wazo. Muulize kwa upole na waziwazi: "Umewahi kufikiri kujitoa uhai?" Akikubali, mshukuru kwa kukuambia, usimwache peke yake, funga dawa zote za binadamu, za mifugo na za mimea, kisha mpelekeni hospitali. Zamani watu waliogopa polisi, kwa kuwa sheria ilihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mtoto huyu anahitaji tiba, na familia isimfiche kwa hofu ya kushtakiwa. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua.

SEHEMU YA 8: SHULE NA MAJIRANI

Mtoto aliyepata nafuu hurudi shuleni. Mlezi akutane na mwalimu wa darasa kabla ya siku hiyo na amweleze mambo ya lazima tu: kwamba anatumia dawa, kwamba anaweza kusinzia, nini humtuliza, na nani apigiwe simu. Aanze hata kwa nusu siku. Kwa mtoto mwenye usonji, ulemavu wa akili au shida ya kujifunza, uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha tathmini ya elimu maalumu. Anaweza pia kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu.

Mvulana wetu alirudi darasani baada ya shangazi kuzungumza na mwalimu wake. Mwalimu hakujua kwamba ni dawa iliyomsinzisha. Alipojua, ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwakemea waliomcheka.

Kwa majirani, maneno machache yatosha: "Amekuwa mgonjwa, anatibiwa, anaendelea vizuri. Mkimwona mbali na nyumbani, tuiteni." Jina la kejeli likianza kuzoeleka kijijini, wazee walikomeshe. Mtoto hupona ugonjwa, lakini jina huweza kumfuata hadi siku ya kuposa.

SEHEMU YA 9: MLEZI NAYE NI MTU

Nyanya anayekesha usiku tatu mfululizo hawezi kuwa mpole siku ya nne. Kulala, kula, kwenda kanisani, msikitini au chamani, na kuwa na mtu wa kumlilia si anasa. Ni sehemu ya matibabu ya mtoto. Ukijiona unapiga kelele kila saa, unalia bila sababu au unatamani kumwacha, hujawa mtu mbaya. Umechoka. Sema kliniki siku hiyo hiyo, maana wewe pia unahudumiwa pale. Kina baba nao wakumbuke kwamba kutuma nauli si kumaliza kazi. Kaa na mtoto Jumapili moja ili mwenzako apumzike.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa taaluma wana njia. Chuo cha KMTC, chenye kampasi hata Voi, hufundisha uuguzi na kozi nyingine za afya, na muuguzi aliyehitimu anaweza kuendelea kusomea afya ya akili. Nchi yetu ina upungufu mkubwa wa wataalamu hawa, na walio wachache zaidi ni wa watoto.

SEHEMU YA 10: PA KUANZIA

Anza karibu. Zungumza na mhamasishaji wa afya ya jamii wa kijiji chako, au nenda zahanati iliyo jirani. Kutoka hapo unaweza kuandikiwa barua ya rufaa kwenda hospitali ya kaunti ndogo yako, kama Mwatate, Wesu kule Wundanyi, au Taveta, na kisha Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyo Voi. Ikihitajika zaidi, kuna kitengo cha Port Reitz, Mombasa, na Hospitali ya Kitaifa ya Mathari, Nairobi, ambayo imehudumia wagonjwa wa akili tangu 1910. Nenda na kadi ya kliniki, dawa zilizobaki na lile daftari. Hakikisha familia imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kabla ya dharura kutokea. Kwa mtoto aliye hatarini au anayedhulumiwa, piga simu 116. Ni bure, usiku na mchana.

MASWALI YA KUJIPIMA

Yajadilini nyumbani, chamani au katika baraza ya kijiji.

1. Mtoto amepata nafuu na nauli imekwisha. Jirani anasema, "Mwachishe dawa uone." Utamjibu nini? Ni nani kijijini anayeweza kusaidia na nauli?
2. Umekuta vidonge vilivyofichwa. Taja maneno ya kwanza utakayomwambia mtoto.
3. Mtoto anasema kuna mtu dirishani, nawe humwoni. Utasema nini bila kumbishia na bila kumkubalia?
4. Mtoto mwenye kifafa ana homa kali na anaongea maneno yasiyoeleweka. Kwa nini hupaswi kungoja hadi asubuhi?
5. Katika kijiji chenu, ni mlezi gani ambaye hajapumzika mwezi huu? Ni nani atakayemshikia zamu wiki hii, na siku gani?

Swali la tano lisijibiwe kwa mdomo tu. Liandikiwe jina na siku, na siku hiyo ikifika, aliyetajwa aende.